Wangali Hai

Haluwa wa mzee Menza alipanga vikombe vitano
vya mtindi barazani kwangu, hapa Mambrui.
Kila kimoja na udongo wa shamba la Ganda,
na ndani ya udongo, alisema, kuna kuvu
isiyoonekana, yaua.
"Usiguse, shangazi."
Nikacheka. Mikono hii haijagusa nini?
Mwaka wa ishirini na tatu huu naosha maiti za wanawake.

Cha kwanza, majimoto, aliowakwanyua na jani la mkorosho;
walimuuma hadi kwapani, kwa ukali wao.
Siku ya nne wamekauka,
kila mmoja kaota weupe shingoni
kama pamba nitiayo puani mwa marehemu.
"Hawa wa juu mtini hawana kifuko cha dawa.
Udongo hawaujui."

Sisimizi weusi wa ardhini wanacho, ubavuni,
wajipaka wenyewe. Walikufa saba.
Wenzao waliwabeba hadi ukingoni wakawatupa,
pasi sanda, pasi dua.

Kikombe cha tatu: mchwa mmoja.
Sikuuliza.

Cha nne mchwa mia, wa kichuguu,
na hapo ndipo nilipovuta kigoda.
Laini, weupe, ngozi ya mtoto wa siku moja,
nikadhani hao ndio wa kuzikwa mapema.
Usiku, kwa tochi ya simu, nikawaona wakilambana:
shingo, mbavu, mgongo,
kulia kwanza (naapa) kisha kushoto,
mbegu za mauti wanazimeza
zinafia tumboni.
Sisi twamwosha mtu akishakata roho.

Cha tano mchwa wa mbao kavu, wa fremu ya mlango wa marehemu mama.
Mia pia. Nao walilambana,
ila nusu wamekwisha.
Hawakulelewa na unyevu, alisema Haluwa,
akaandika tarakimu.

Mfungo Sita uliopita nilimwosha Bi Tima Shekuwe,
aliyekaa peke yake nyuma ya kisima.
Nilipomgeuza, choa kimetanda mgongo mzima,
pale pote mkono wa mtu mwenyewe haufiki.
Nilimwosha vizuri. Maji ya mkunazi, ya karafuu maiti,
mara tatu, na ya nne niliongeza mwenyewe.

Haluwa bado anahesabu.
Nimechukua ndoo na dodoki,
navuka uchochoro kwa Bi Khola, mjane.
Atauliza nataka nini saa hizi.
Nitamwambia: geuka.