Jedwali la Pili, Mstari wa Saba

Daktari Ndeskoi alipanda ngazi zetu za Kiboriloni
na bahasha ya kaki kwapani,
viatu vimebeba tope la masika.
"Limetoka," akasema. Nikadhani jino.
Kumbe jarida.

Kurasa tisa, Kimombo kitupu.
Miaka sita ya kazi yake,
minne ya miguu yangu.

Akaweka kidole: jedwali la pili, mstari wa saba.
Mwanamke. Thelathini na nne. Fundi cherehani.
Ndiye mimi huyo.
Juu yangu mwalimu wa Rombo
aliyepofuka jicho moja akisahihisha madaftari.
Chini yangu kijana wa Machame;
pembeni ya umri wake pana kialama kidogo, mfano wa msalaba.
Sikuuliza.

Tuko kumi na mmoja tu, na kila mmoja
alishapewa jina jingine kwanza:
kiharusi, presha, mapepo, uvivu.
Kwangu shemeji alileta jani la isale
nimwombe radhi marehemu mama mkwe.
Niliomba. Miguu haikusikia.
Na vitabu, anasema, vilishikilia
kwamba haya ni maradhi ya nchi za theluji.
"Na ile?" nikamwonyesha dirisha.
Mawingu yalikuwa yamempisha Kibo asubuhi hiyo.
Alicheka mpaka akakaa kwenye marobota ya vitambaa.

Basi nifafanulie, nikamwambia, usinisomee.
Akaanza na waya wa umeme,
plastiki yake imetafunwa na panya.
Waya nikaukataa.
Mezani palikuwa na koti la harusi la mzee Shao;
nikaligeuza ndani nje.
Ni hii?
Kitambaa kizima, mshono mzima,
bitana ndiyo imeliwa,
kila mkono ukipita unakwama njiani.
Alilishika koti muda mrefu.
"Bitana," akasema, kama mtu anayeonja chumvi.

"Na anayeila ni nani?"
"Mwili wenyewe."
"Kwa kosa gani?"
"Ukurasa wa nane. Tumeandika kwamba hatujui."
Nilimpenda kwa sentensi hiyo
kuliko kwa vidonge vyote.

Ila safu ya mwisho, mbele ya namba yangu:
Mwanzo wa dalili: haujulikani.
Hapo nilisimama, kwa fimbo, lakini nilisimama.
Unajulikana, daktari.
Ilikuwa Jumanne. Sare za shule, sketi ya kumi na nne.
Sindano ikapita katikati ya kidole changu cha shahada,
ikakishona pamoja na pindo,
nami naendelea kukanyaga pedali.
Damu ndiyo iliyoniambia.

"Mbona hukusema?"

Mliuliza mwaka.
Mwaka siujui.