Vijiko Saba

Kaa hapa, Msellem, benchi lina nafasi.
Nami nilikuja Makadara hivi hivi,
shingo nimeizungushia leso,
kana kwamba umio ni aibu ya kusitiriwa.

Sitakwambia utapona. Sijui.
Nakwambia nilichokionja: uji upoe kwanza,
uketi wima, usiharakishwe na mtu,
na usiku ulalie mito mitatu.
Siku waliyonitia bomba nilimeza maji,
nikayasikia yanashuka,
yanashuka,
nikamwamsha mume wangu naye asikilize.

Juzi Kadzo wa Mishomoroni kanipigia alfajiri:
«Vijiko saba!»
Nikapiga kigelegele peke yangu jikoni,
majirani wakauliza nani kajifungua.

Leo hakupokea.
Nitampigia tena baada ya adhuhuri.

Mahamri ndiyo yanilizayo, sikufichi.
Bado hununua mawili pale Mwembe Tayari,
huyanusa iliki yake,
kisha humpa mtoto wa jirani, nikamtazama anavyotafuna.

Haya, nipe namba yako.
Kesho ukishindwa, niambie umeshindwa.
Ukimeza, hesabu kwa sauti.