Kifungo

Nilitaka kitu cha kunijibu, basi.
Cherehani inasema kutwa, lakini haijibu.
Asubuhi moja nikafunga hela ya sare za shule
kwenye pindo la kanga, nikaikata Ngamiani
mpaka uani kwa Hatibu, Barabara ya Kumi na Nne.

Walikuwa watatu.
Wa kwanza kijani kibichi, ulimbo bado umemganda mbawani,
ananitazama kama abiria aliyeshushwa kituo si chake.
"Huyu bei poa," Hatibu akasema, "katoka msituni juzi."
Juzi!
Nikarudisha mkono.
Nikimlipia huyu, nimelipia na mtego wa kesho.

Wa pili hodari wa maneno: salamu, mluzi,
na tusi moja la bandarini ambalo sitaliandika.
Wateja wangu ni walimu na wake za mashekhe.

Wa tatu wa kijivu, mkia mwekundu,
kazaliwa tunduni, karatasi yake anayo, ina mhuri.
Hakusema neno. Nikampa mbegu, akaitema.
Kisha akashika kifungo cha gauni langu, akakivuta,
uzi ukakatika, tik,
akakigeuzageuza kwa ulimi wake mweusi
kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake.
Nikamlipa Hatibu bila kupatana.

Nikamwita Kifungo.
Jirani yangu Shekiondo, bwana mifugo mstaafu wa Pongwe,
akauliza, "Cha miaka mingapi?"
Nikacheka. Yeye hakucheka.
"Hawa hufika arubaini, hamsini. Wewe una arubaini na sita.
Hicho cha maisha, mama.
Piga hesabu mwenyewe nani mfungwa."

Akanipa na sheria, kasimama mlangoni na bakora yake:
alizeti ni maandazi, matamu, ya mafuta, si ya kila siku;
mchicha, mtama uliolowekwa, mahindi mabichi,
papai na mbegu zake;
chumvi hapana, chai hapana, hata akikililia kikombe.
Na parachichi...
nilikuwa nimeshalikata,
la Lushoto, siagi tupu, kisu kingali mkononi,
akanipokonya kisahani: "Utamzika kabla ya magharibi."
Nikakaa kitako. Nusu saa nzima sikushona.
Kipande kizuri kuliko vyote ndicho nilichomwekea.

Lakini pilipili!
Pilipili mbuzi, ile inayomtoa mtu kamasi,
anaishika kwa vidole kama mtoto na kijiti cha aiskrimu,
anatafuna, anafumba macho.
Walisema usiyoila yakuwashiani;
huyu anaila na haimwashi,
anayewashwa ni mimi
niliyeikata kisha nikajifuta jicho.

Wiki saba nikamfundisha "Karibu mgeni."
Karibu mgeni nikipiga pasi, karibu mgeni nikitia uzi.
Kimya. Ananitazama kwa jicho moja, halafu kwa la pili.
Ijumaa moja Mwalimu Tunu akaingia
kuulizia gauni la harusi ya mdogo wake.
Sijafungua hata mdomo,
kutoka juu ya kabati, kwa sauti yangu,
na kile kikohozi changu cha uongo mwanzoni:
"Njoo kesho!"

Mwalimu akacheka mpaka akashika meza ya kukatia.
Mie nikatamani nijishone ndani ya bitana.
Miaka kumi na tisa nalisema neno hilo,
sikuwahi kulisikia.

Gauni lile nililimaliza usiku uleule.
Mengine, bado; sitaki kudanganya.
Nikichoka naosha kibakuli, nabadili maji,
namtoa mdomoni kifungo cha leo (cha shati la nani, Mungu anajua),
nafunika tundu kwa kipande cha kanga
chenye nusu ya jina.
Gizani, kikohozi kidogo.
"Njoo kesho."
"Nitakuja," namjibu.

Na alfajiri nipo, na papai mkononi.
Kwake yeye sijachelewa hata siku moja.