Saa Kumi Kasoro

Hesabu ya Odell haisahauliki: arobaini na mmoja.
Aliwazika Agosti iliyopita chini ya nyanya,
bila kofia, bila neno,
nami nimesimama na ndoo nikifukuza nzi.
Wote tumbo juu, weupe
kama sahani zilizosahauliwa karoni.
Jirani Thibodeaux aliapa kuna mtu katia sumu.
Hapakuwa na mtu. Palikuwa na joto.

Na tulikuwepo sisi, na mapenzi yetu.
Chakula mara tatu kwa siku, kwa vile walikuja,
kwa vile ni raha midomo ikikufuata ukingoni.
Kisicholiwa kilizama kikaoza,
na kinachooza nacho hula hewa.
Kisha Odell akauchukia ukijani ule,
akamwaga dawa ya mwani bwawa zima, siku moja,
kipimajoto kikisoma thelathini na nane,
akalala mtu mwenye furaha.
Asubuhi maji yalikuwa safi.
Safi kama jicho la kioo.

Mwaka huu nimejua: maji ya moto ni fukara,
hayana mfuko wa kutilia hewa.
Mwani mchana hukopesha, usiku hudai,
na deni huiva saa kumi alfajiri,
hata mbwa wa Mississippi wamechoka kubweka.
Nasikia nchi za mbali wapo kambare
wajao juu kuvuta pumzi kama mimi na wewe.
Hawa wetu hawakupewa akiba hiyo.

Basi tulinunua pampu. Inakoroma kama mjomba.
Samaki tumewapunguza; kanisa zima lilikula,
na mchungaji akabeba mabaki.
Chakula ni konzi moja, jua likishapanda,
na siku za joto kali, hakuna.
"Wananitazama," Odell hunung'unika.
Afadhali macho ya njaa, namwambia, kuliko macho meupe.
Mwani tunauvuta kwa reki, kona moja leo,
nyingine wiki ijayo,
kama afumuaye nywele za mtoto mwenye kilio cha karibu.

Juzi ngurumo ikapita juu ya mashamba ya pamba
ikaondoka na umeme wetu.
Radi haikuniamsha. Kilichoniamsha ni kimya:
mjomba hakoromi.

Saa kumi kasoro. Tochi.
Midomo imejaa juu ya maji, inafunguka, inafumba,
vifungo vya shati vinavyotafuta matundu yake gizani.
Odell na goti lake bovu akashika mpira wa bomba,
nikamnyang'anya: una klorini huo, mzee, utawamaliza.
Nikatwaa ndoo na chujio la tambi.
Juu juu tu, usiguse tope,
chota, inua hadi mabega yalie,
mimina yashuke matone matone
yaokote hewa njiani.
Chota. Inua.
Sikuwahi kujua usiku una ndoo ngapi.

Thibodeaux akatokea uani na kaptura ya kulalia,
mkononi mota ndogo ya boti yake, begani betri ya gari.
Hakusema sumu. Hakusema lolote.
Akaifunga kwenye gogo, pangaboi likielekea juu,
na maji yakachemka bila moto.
Tulikaa watatu, miguu ndani,
tukinuka tope, tukigawana pichi moja iliyopondeka.

Kulipokucha, alikuwa mmoja.
Yule mkubwa, mwenye kovu la ndoano mdomoni;
wakubwa ndio hutangulia, hewa yao ni ghali.
Odell alimbeba kwa mikono miwili mpaka kwenye nyanya.
"Mmoja," alisema,
na sikujua kama alikuwa analia au anajisifu.

Saa moja unusu umeme ulirudi.
Pampu ikakohoa, ikashika usingizi wake.
Mota ya Thibodeaux iliendelea kuzunguka;
hakuna aliyenyoosha mkono kuizima.