Rimoti juu ya Tumbo

Ghalani napima korosho tangu asubuhi,
gunia juu, gunia chini, kilo themanini, andika,
na kichwani napima kitu kingine
ambacho muuguzi alisema kina kilo mbili na nusu hivi.
Hivi!
Mimi ni karani wa mizani.
Neno "hivi" limeninyima usingizi siku nne.

Jumatatu tulikwenda kliniki, Somoe na mimi,
Newala ikiwa bado imejifunika ukungu.
Wakampima: uzito sawa, damu inatosha, presha nzuri,
mtoto kageuka, kichwa chini,
kama mtu anayetafuta sarafu mvunguni.
Kisha Bi Nambunga akaniangalia shingo.
"Na wewe kaa hapo."
Kitambaa kikanikaba mkono, kikapumua, kikanikaba tena.
"Baba, mwenye mimba mzima.
Mgonjwa ni wewe."
Benchi zima likacheka.
Nilitaka kucheka nao, nikaogopa kuipandisha.

Basi nyumbani chumvi imehamia rafu ya juu.
Ng'onda aliowaleta shemeji kutoka Mikindani
wananing'inia dirishani
kama mahabusu wasiosomewa mashtaka.
Mimi nakula kisamvu kilichopoa moyo.
Somoe anakula ming'oko ya mwisho wa msimu
kwa pilipili, kwa ndimu,
kwa chumvi yake na yangu,
halafu anafungua fundo la khanga
na kumega kipande cha udongo, akidhani sioni.
Naona. Simsemi kwa Bi Nambunga.
Naye juzi alinikuta dirishani
nikilamba kidole kilichopapasa ng'onda,
akapita na ndoo yake, kimya.

Baba yangu alipata habari zangu siku ya tatu,
akiwa Nachingwea kwenye kibarua,
kwa mdomo wa mchuuzi wa chumvi.
Aliendelea kulima hadi jioni, wanasema.
Sikuwahi kumuuliza mikono ilikuwaje.

Mimi nimeshajaza madumu sita ya maji.
Nimeshamuuliza Mkapunda mara mbili
kama pikipiki yake ina mafuta;
mara ya tatu alinionyesha tangi, akalitikisa,
akasema, "Sikiliza mwenyewe, mzee."

Usiku, luku ikiwa na huruma,
tunatazama tamthilia ya nchi za watu.
Midomo yao inasema lingine,
Kiswahili kinawafuata nyuma kikihema.
Jana yule mwanamke wa hereni kubwa
alishikwa uchungu kwenye ngazi za ghorofa,
likapita tangazo la sabuni,
tukarudi, mtoto kazaliwa, kaoga, kanenepa.
"Kilo saba," nikasema. "Huyo ana miezi mitatu."
Somoe akacheka mpaka akashika kiuno.
Nikasimama, nikatafuta kandambili, nikakosa moja.
"Kaa," akasema, "ni kicheko tu."

Bado sijui kutofautisha.

Tumbo lake limekuwa meza yetu:
huweka kikombe, huweka njugu,
na leo ameweka rimoti.
Mwanamke wa hereni alikuwa anafungua barua,
barua tuliyoisubiri tangu Ijumaa,
mtoto akapiga teke.
Teke moja, la kisigino, niliona ngozi ikiinuka.
Rimoti ikaruka, ikapiga sakafu,
barua ikatoweka,
akatokea bwana mmoja mwenye mabuti
akieleza ufugaji wa kambale,
na betri zote mbili zikabiringika mvunguni mwa kabati.

Nikamtazama Somoe. Akanitazama.
Yeye hawezi kuinama, tumbo.
Mimi sitakiwi kuinama, presha.
"Betri zako hizo," akasema.
"Aliyezitupa ni wako," nikasema.

Tukabaki hapo, mkono wangu pale teke lilipotoka,
tukijifunza kwamba bwawa la kambale
linataka kina cha mita moja na nusu,
hivi.