Upande wa Kushoto

Kwenye kibodi yangu herufi A imefutika.
Ndiyo ya kwanza kufa, Kiswahili kinaipenda mno.
Ikafuata I, kisha N, kisha K.
Q na X bado zinang'aa
kama viatu vya Idi vilivyokosa mguu.

Hatibu, fundi wa Barabara ya Nane, ananiambia
zipo kibodi ambazo kila kibonye ni kioo kidogo:
unaamuru, nacho kinabadili sura.
Asubuhi herufi, mchana tarakimu,
jioni, ukitaka, picha za samaki na bei zake.

Nikamwambia, mie nifukuzie Q,
niwekee NG' pale, kibonye kimoja, na ritifaa yake juu,
maana Pili Mang'enya amenirudia mara tatu
na cheti kinachomwita Mangenya,
na karani wa wilaya hamjui mtu huyo.
X nayo iondoke, likae dole gumba
kwa wasioandika jina.
Na Bi Nunu, mwenye barua za marehemu mumewe
kwa herufi za Kiarabu, Kiswahili kitupu ndani yake,
abonyeze mwenyewe alifu, be, te,
asinisomee siri zake kwa sauti
mbele ya foleni ya fotokopi.

Hatibu akataja bei.
Tukacheka wote wawili.

Saa kumi nafunga duka, napanda Bombo.
Kiharusi kimemchukua baba mkono wa kulia
na ulimi.
Miaka thelathini alipiga taipu ofisi ya mkonge,
vidole kumi, macho dirishani.
Wiki iliyopita nikaona mkono wa kushoto unatembea juu ya shuka.
Muuguzi akasema, ni mishipa tu hiyo.
Mimi niliyezoea kibodi isiyo na herufi
nikausoma:
d, a, w, a.
Kisha t, a, a.
Nikaizima ile taa ya juu ya kitanda.
Akafumba macho kama mtu aliyelipwa deni.

Tangu hapo tunazungumza kwa nusu ya alfabeti.
Saa, anaweza. Sasa, anaweza.
Maji hawezi: M iko kulia, J iko kulia, I nayo.
Inabaki A peke yake. Anaigonga, anaigonga,
nami nafuata kikombe.

Hatibu, sikia, samaki waache.
Na NG' isubiri, Pili atanisamehe.
Kama kweli vibonye vinahama,
nihamishie M, J na I upande huu,
na K usiisahau.
Mimi naitwa Mkiwa.
Jana alitaka kuniita; vidole vikapapasa shuka,
vikafika ukingoni mwa mkono usiosikia,
vikarudi.
Akaandika w, e,
akapumzika,
w, e.