Uzito wa Gunia

Saa aliyonitumia Mwanaidi kutoka Maskati
inasema nimechoma kalori mia tatu na kumi na mbili.
Simu iliyo mfukoni inasema mia moja themanini na sita.
Safari ni moja: Barabara ya Kumi na Tano hadi Raskazone, na kurudi,
miguu miwili, raba jozi moja,
jua lilelile la Tanga lisilojua kupunguza bei.

Nimekuwa karani wa mizani miaka ishirini na saba,
ghala la mbata na korosho, kando ya reli.
Kwetu mizani miwili ikipishana, kuna mtu anaibiwa.
Nikaziweka mezani, juu ya kitambaa cha kufuma,
kama nilivyowaweka makuli waliogombea ujira:
Haya. Semeni. Mmoja mmoja.

Saa ikasema: Mimi sijui miguu.
Nimelala juu ya mshipa wako, nawasha taa yangu ya kijani,
nahesabu damu inavyogonga.
Ikigonga haraka naandika: kazi.
Kazi gani, siulizi.

Simu ikasema: Mimi sijui moyo.
Nabembea humu na funguo, leso na pipi ya tangawizi.
Bembea moja, hatua moja,
kisha nazidisha kwa uzito wako.
Uzito upi? Nikaifungua.
Nikajikuta mwanamume wa miaka ishirini na tisa, kilo hamsini na nane!
Ni Shehoza, mjukuu wangu, aliyejaza fomu huku anamung'unya ubuyu,
akajijaza yeye.
Mimi ni themanini na tatu. Kliniki ya sukari wanajua.

Nikasahihisha. Simu ikapanda,
haikuifikia saa.
Ikabaki tofauti, kama robo kilo isiyo na mwenyewe
jioni ya kufunga hesabu.

Ndipo nilipokumbuka gunia.
Karani mgeni tulimfundisha siku ya kwanza:
mshale unasoma mbata pamoja na gunia lake,
toa gunia, ndipo umlipe mkulima.
Saa yangu hupima na gunia.
Huhesabu pumzi, ini, kope zinazopepesa,
moto mdogo ambao mwili ungeuwasha
hata ningelala hadi adhuhuri.
Simu hutoa gunia, huniachia mbata tupu.
Zote kweli. Hakuna aliyeibiwa.

Ningeishia hapo, daftari lingefungwa vizuri.

Ila saa ina mchoro, mstari wa vilima na mabonde,
na saa moja na dakika ishirini asubuhi
kuna mlima mrefu kuliko yote,
mahali simu ilipoandika: amesimama, hatua sifuri.
Napajua. Ni ukuta wa Bombo, upande wa wodi ya wanaume.
Sikukimbia. Sikupanda ngazi.
Niliinama nifunge kamba ya kiatu,
nilipoinuka nikatazama dirisha la tatu.
Wameliwekea wavu mpya.
Mbaruku alikuwa akilalamikia mbu.

Moyo ulifika mia moja thelathini na moja.
Saa, maskini, ikaandika: kalori kumi na tisa.

Usiku Mwanaidi akapiga.
Mama, leo umechoma ngapi?
Nikamwambia, kati ya mia mbili na mia tatu.
Akacheka: Karani mzima, hujui?
Nikamwambia, mwanangu, mzani uliochoka nao una faida
ukipimia huohuo kila siku:
hautakwambia ukweli,
utakwambia kama jana imeizidi leo.
Nimeichagua saa. Simu ibaki kupiga.

Sikumwambia kuhusu wavu.

Kesho naweza kupita Chumbageni, kuna kivuli,
au nipite palepale.
Mezani pana chapati mbili.
Nimekula moja, na nusu ya pili,
na hiyo nusu sijaiingiza popote.